Wifi, Gitaa Limeshika Nyuzi

Mwaka umetimia, wifi yangu, tangu ulipotutoka, na habari ya kwanza ninayokuletea ni hii: gitaa lako limekwisha, na aliyelitengeneza ni mimi. Wote wanaosoma hapa wajue hivyo. Haya, usinitolee macho. Nimelikalia tu. Lakini kukalia nako ni kazi, na wewe ndiye uliyeniajiri.

Kwa wasiokujua, ulikuwa seremala wa vitanda na milango. Kalamu ya risasi sikioni, na nyumba nzima inaitafuta. Kila kitanda ulichopeleka ulikilalia kwanza wewe. Unavua viatu, unajinyoosha, unafumba macho, na bwana harusi mtarajiwa amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke. "Hakilii," unasema, unainuka. "Kilichobaki ni juu yenu."

Jirani yetu alipojifungua kabla ya siku zake, mtoto mwenyewe kama kiganja, ulimtengenezea kitanda kidogo kama droo, ukakisugua kwa msasa hadi ukakipitisha shavuni mwako. Mama mtu alipotaka kukushukuru, ulimwambia anyonyeshe, asipoteze maziwa kwa maneno. Yule mtoto sasa anapanda miti, wifi. Kitanda analalia paka.

Halafu uzeeni ukatuzulia jambo. Ulikuja jikoni na vumbi la mbao kwenye nyusi, ukasema, "Wifi, kitanda husikika kikiharibika tu. Mlango vilevile. Umri wote nimefanya kazi ili vitu vyangu vikae kimya. Sasa nataka kimoja kiseme kikiwa kizima."

Kaka yako, yaani huyu mume wangu, alicheka hadi akakohoa. "Gitaa? Utaimba nini, na meno yenyewe ya kuazima?"

"Sitaimba," ukamjibu. "Nitatengeneza. Kuimba nawaachia wenye meno, kwa hiyo na wewe kaa pembeni."

Mbao za ubavuni zilikutesa. Ulizilaza kwenye maji, ukazikunja juu ya bomba la moto, na za kwanza zikakatika, paa! Nilidhani utatukana. Ukaniambia, "Mbao ni kama wifi. Ukiikunja kwa hasira inavunjika. Ipashe kwanza." Nikakuuliza umenipasha lini mimi. Ukasema wewe hunikunji, wewe unanizunguka.

Vibano vyako vilikuwa vichache na gundi haisubiri mtu. Ndipo ukagundua faida yangu. Ulipobandika zile mbavu za ndani, vijiti vya kulikaza gitaa, kwenye ubao wa mgongoni, uliweka juu yake ubao mwingine, ukatandika blanketi, ukaniita kwa sauti iliyofika barabarani: "Wifi Tani! Njoo uketi!" Nikaja, nikaketi. "Usicheke," ukasema. "Ukicheka gundi itahama." Kisha wewe mwenyewe, bila haya, ukaanza kunisimulia vile bwana harusi mmoja alivyokukuta umepitiwa na usingizi kitandani kwake. Nililia machozi nikiwa nimebana midomo, na mbavu zako hazikuhama hata unywele. Hizo mbavu, ndugu msomaji, ndizo ninazojivunia.

Ukaondoka, wifi, gitaa likiwa na tumbo na shingo. Lilikosa daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi usoni pake. Lilikosa nyuzi pia. Lilikaa juu ya kabati likiwa limefunikwa shuka, na sisi tukawa tunapita chini yake kwa kunong'ona.

Kaka yako akasema litundikwe ukutani lilivyo. "Nyuzi zina nguvu kuliko mnavyofikiri. Zitang'oa daraja, daraja litapasua uso, na ile ndiyo kazi ya mwisho ya dada yangu. Sitaki kumzika mara mbili."

Mimi nikasema gitaa lisilo na nyuzi ni nyumba ya mende. Akanuna. Nikamwacha anune, maana nilijua hofu yake, na usiniambie sikuwa nayo. Likipasuka, hakuna tena mikono ya kulirekebisha.

Binti yako, ambaye rangi za magari zimemkomaza vidole kama wewe mbao, alilishusha, akalipangusa, akapitisha gumba kwenye ukingo wake wote. "Mama alitaka liseme," akasema. "Mkazamjomba, washa jiko."

Akachonga daraja, akapasha gundi, akakwangua mahali pake, akalibandika na kulibana kwa vibano vilivyopitia kwenye tundu la usoni. Nikauliza nikae wapi. Akasema uso wa gitaa ni mwembamba kama biskuti, nikilikalia tutalikusanya kwa ufagio. Kazi yangu ikawa kutokukaa, na kwa umri wangu hiyo si kazi ndogo. Kisha akalipaka vanishi, akasugua, akapaka tena, hadi nikajiona humo na mikunjo yangu yote, nikamwambia hapo amezidisha.

Siku ya nyuzi kaka yako alivaa viatu. "Mimi nakwenda kunyolewa," akasema. "Likipasuka, msinieleze." Akatoka.

Tulimwita jirani anayejua kupiga. Alipitia mlango wa nyuma, akaketi kwenye kigoda pembeni ya kabati, akaanza kukaza. Uzi mnene wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, mbao zikalia ngrrr, kama mlango wa mtu mwenye siri. Jirani akasimamisha mkono. Uso wa gitaa ulikuwa umejiinua kidogo, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Binti yako akaweka kiganja nyuma ya daraja.

"Niendelee?" jirani akauliza.

Binti yako akanitazama mimi. Wifi, sijui ni nani aliyenipa kinywa kile. Nikasema, "Kaza."

Akakaza. Wa nne, wa tano, wa sita. Tukangoja. Hakikung'oka kitu. Hakikupasuka kitu. Kisha akapitisha gumba kwenye nyuzi zote mara moja, na sauti ikatoka humo, nene, tamu, ya kushiba. Vikombe kabatini viliitikia. Nilipiga kigelegele ambacho daktari amenikataza. Binti yako alicheka huku analia, akalikumbatia shingo, na jirani akamsihi amwachie apige, naye akapiga hadi watu wa barabarani wakaja kuchungulia ni harusi ya nani.

Limesema, wifi. Likiwa zima. Umeshinda.

Hatukusahau, wala hatutafuti namna ya kukusahau. Wanaokukumbuka ni binti yako, anayelifuta vumbi kila anaporudi kutoka kazini. Majirani wote wanaolala bila kelele kwa sababu yako. Mimi wifi yako, kibano chako cha kudumu. Na kaka yako. Huyo nimemweka mwisho makusudi.

Siku ile muziki haujapoa, mlango wa mbele ulifunguliwa, akaingia. Macho mekundu. Bega lake la kulia jeupe, limejaa chokaa ya ukuta wa nje, palepale chini ya dirisha letu. Akajikohoza, akanitazama mimi peke yangu, hakugeukia upande wa kabati.

"Umetoka wapi, baba?" nikamuuliza kwa upole kabisa.

"Si niliwaambia? Kunyolewa. Nimekaa huko muda wote, kuna foleni, nimeondoka." Akajipangusa pua. "Kinyozi anawasalimu."

Kwenye kigoda, gitaa lako likiwa mapajani, kinyozi akainua kichwa. "Salamu nimezipata, mzee," akasema. "Nisalimie na huko."