Mbuzi ya Mama Haina Pembe

Bofu, Likoni,
Ijumaa, 7 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Jalila,

Assalaam alaykum. Marahaba nakutangulizia, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hujambo huko Maskati? Lile goti limetulia, ama baridi ya viyoyozi bado yakutesa? Watoto hawajambo? Sisi huku twamshukuru Mwenyezi Mungu, miili ni mizima. Moyo ndio nimekuja kukutolea.

Wakumbuka wale watu wa vitabu waliomrekodi mama hadithi zake kabla hajatutoka? Kitabu kimetoka, kinang'aa hasa. Jirani yangu Jumwa ndiye aliyeniletea. Akakiweka mkekani, akaondoka bila kungoja chai. Nikajua pana jambo.

Ile hadithi ya ajuza aliyepanda mbuzi yake akaruka, weupe ukamwagika mbinguni ukawa nyota, ile tuliyolazwa nayo sote, wameichora. Jalila, wamechora mbuzi mnyama! Si mbuzi ya kukunia nazi. Beberu mweusi, mapembe haya, macho ya moto! Na ule weupe wa nazi wameufanya povu la mdomo wake. Juu yake kakaa ajuza nywele wazi, hana hata mtandio, na uso ni wa mama. Wa mama, wallahi, hadi kile kidoti cha shavuni. Picha tuliyowapa waiweke nyuma ya kitabu, wao wameipandisha juu ya shetani.

Nikasoma maneno. Mama alisema "mbuzi yake". Wao wamesahihisha, wakaweka "mbuzi wake", eti mnyama huenda hivyo. Mama kazaliwa ndani ya Kiswahili, nao wamemsahihisha kaburini.

Mchoraji, Ronny, kijana wa bara aliyesomea picha chuo kikuu, alikuja mwenyewe hadi hapa. Adabu anayo, sitamdhulumu.

"Mama, kwa wachoraji wa kale wa Ulaya, ajuza akiruka hupanda beberu. Msomaji akiona tu, anaelewa."

"Msomaji wa wapi, mwanangu? Wa Bofu akiona pembe, anaelewa Ibilisi."

"Lakini kiti cha kukunia nazi kitarukaje?"

"Kwani huyo beberu wako ana mabawa?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Picha haingoji mtu ajue kusoma, mdogo wangu. Maneno ya mama watayasoma wachache, lakini uso wake juu ya beberu umeonwa na mtaa mzima. Watoto wamwita Bi Pembe. Juzi maulidini nilipoketi, wanawake wakasogea, wakanipa nafasi nisiyoiomba. Na ni mama aliyewasomesha Juzuu Amma, wao na wana wao!

Ronny asema kitabu kitachapwa tena, na atachora upya akiiona mbuzi yenyewe, ile ya mama yenye nakshi miguuni, si hizi za sokoni. Nikamwambia iko kwako.

Na hapa sitakuficha. Picha uliyotuma Idi niliiona. Mbuzi ya mama umeitundika ukutani sebuleni, umeivisha maua ya plastiki, wageni waitazame. Nawe umeifanya pambo. Ronny alipochora hakujua kwamba ni kitu cha kukalia. Wewe wajua.

Basi iteremshe. Ikalie, uvunje nazi, ukune, ule ulimi wa chuma uonekane vizuri, na mtu akupige picha kwa ubavuni, unitumie nimpe Ronny. Uso usionekane. Nyuso za nyumba hii zimeshachorwa vya kutosha.

Nisalimie shemeji Abdulghani, na umbusu Ummi aliyebeba jina la bibi yake. Mwambie bibi hakuwahi kufuga beberu. Mola awahifadhi nyote ugenini, na amnawirishe mama uso wake huko aliko.

Nijibu upesi, tafadhali, kabla hawajachapa tena.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwanasaumu