Bei ya Kuhifadhi Fomu ya Bi Mwanasha

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimefagia maji mlangoni, nimewasha kompyuta zote mbili, nimeandika jina la Bi Mwanasha kwa mara ya nne. Fomu ya mradi wa hatimiliki, kurasa kumi na nne. Mara ya kwanza stima ilipotea. Mara ya pili na ya tatu aliondoka kwenda kumuuliza kaka yake habari za mipaka. Leo alikuja na jibu la mpaka wa kusini, tukafika ukurasa wa tisa, akataka kwenda kuuliza wa mashariki. Nikabonyeza pa kuhifadhi. Ikanijibu vile vile: kujaza ni bure, kuhifadhi ni kwa aliyenunua programu kamili. Nilipoifunga, yote yakafutika.

Bei ya mwaka mmoja inapita kodi ya kibanda changu hiki cha kujazia watu fomu kwa miezi mitatu. Tena wanataka dola, kwa kadi ya benki ambayo sina. Sinunui. Naandika hapa nisije nikajilegeza.

Jumanne, 6 Mei

Aliyetengeneza fomu hii hajawahi kukaa na mtu wa Mtongwe. Hapa swali la ardhi halijibiwi kwa kikao kimoja. Si uzembe. Ardhi ina ndugu, na ndugu huulizwa, na ndugu mwingine yuko Kwale, na wa Kwale hapokei simu mpaka jioni. Nina wateja tisa wa fomu hii na wote ni hivyo.

Leo tulikwama kwenye miti. Fomu inauliza minazi mingapi. Bi Mwanasha alisema mingi, alhamdulillahi. Nikaandika "mingi", kisanduku kikakataa. Kinataka nambari. Hataki kuitaja na simlaumu, hata marehemu mama hakuwa akihesabu kuku wake mbele ya watu. Akasema atafikiria. Nikafunga. Ikafutika.

Jumatano, 7 Mei

Nimejaribu ujanja. Nikaichapisha kama faili. Ikatoka kama picha, isiyojazika tena. Haifai, kwa sababu sehemu ya pili lazima naibu wa chifu aijaze ofisini kwake, kwenye faili ile ile. Bila kuhifadhi, fomu haitoki kibandani. Kuandika kwa kalamu hawakubali.

Jamaa mmoja wa Changamwe anauza programu hiyo ya wizi kwenye flashi, bei ya sahani ya biriani. Nimekataa. Si ucha Mungu. Mwaka jana flashi ya namna hiyo ilinilia kompyuta nzima.

Orodha ya watakaopewa hati inafungwa Ijumaa ya tarehe 16. Asiyekuwa kwenye orodha atahesabiwa mvamizi. Bi Mwanasha, mvamizi! Mama mwenye miaka sabini na mbili, kazaliwa pale pale, minazi kapanda bibi yake. Minazi ya kwao, ila ardhi imeandikwa jina la mtu ambaye hakuna hapa aliyewahi kumwona.

Alhamisi, 8 Mei

Kuna toleo la majaribio. Siku saba bure, na linahifadhi. Nimelipakua. Nimehifadhi fomu nane za wale ambao ndugu zao wamekwishajibu, moja baada ya nyingine, nikiimba. Ya Bi Mwanasha bado, kwa ajili ya minazi. Naibu wa chifu amejaza sehemu yake jioni hii hii, Mungu amlipe. Nimezituma.

Ijumaa, 9 Mei

Zote nane zimerudi. Toleo la majaribio hupiga muhuri wake wa kijivu katikati ya kila ukurasa, juu ya majina ya watu. Mimi niliuona. Nikadhani ni urembo. Ofisi inasema fomu yenye alama si halali.

Rahisi ghali. Nimewapigia simu watu wanane kuwaambia. Nimejisikia mjinga na nimejisikia na hasira, hasira zaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepiga simu ofisi ya mradi. Karani alipokea, mtu mpole, wa bara kwa lafudhi. Akaniambia ninunue programu tu, mama, hata wao wanatumia hiyo. Nikamuuliza nani aliwalipia. Akasema mradi. Nikamwambia, "Nyinyi mmelipiwa na mradi. Bi Mwanasha atalipiwa na nani?"

Akasema hilo haliko mikononi mwake. Nimekata simu bila kuaga, na nilivyolelewa hiyo ni aibu. Sijutii.

Jumatatu, 12 Mei

Wateja wawili wamesema tuchange, watu tisa na mimi wa kumi, tununue. Nimewakatalia. Tukichanga leo, mwakani muda wa programu umekwisha na kuna fomu nyingine. Mtu kuweka jina lake mwenyewe kwenye karatasi si bidhaa. Walinuna. Mmoja akasema nitawapotezea ardhi kwa kiburi changu. Huenda ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma tangu asubuhi.

Jumanne, 13 Mei

Nimeipata. Ukurasa wa kumi na nne, chini kabisa, maandishi madogo kama chawa: mwombaji asiyeweza kujaza fomu atasaidiwa katika ofisi ya mradi, siku za kazi.

Nimeijaza fomu hii mara nyingi mpaka naijua kwa moyo. Wangeniacha nihifadhi siku ya kwanza, wallahi nisingesoma mpaka huku chini. Kesho tunakwenda, sote. Kama kuhifadhi ni kwao, basi kujaza pia ni kwao.

Jumatano, 14 Mei

Tuktuk tatu mpaka Likoni. Watu tisa, mimi wa kumi, chupa mbili za chai na mahamri. Askari wa mlangoni akasema kompyuta ni za wafanyakazi. Nikamsomea maandishi madogo. Akaingia ndani, akatoka, akasema tungoje. Tukangoja. Tulipomaliza chai ya kwanza alikuja karani yule wa simu. Akanitambua kwa sauti. Aliona haya kidogo, na mimi pia.

Akakaa, akaanza. Alidhani atamaliza mtu kwa nusu saa. Mzee wa kwanza alimuuliza kwanza kwao ni wapi, na baba yake mzima? Kufika saa sita alikuwa amejaza wawili. Hakukasirika. Alikuwa ameanza kuitikia salamu vizuri.

Ikafika zamu ya Bi Mwanasha. Mipaka yote minne akaijibu bila kusita. Kwenye minazi akasema mingi, alhamdulillahi. Karani akamweleza kwa upole kwamba bila nambari fomu haikubali.

"Mwanangu," akamwambia, "neema ya Mungu mimi siihesabu. Ukitaka nambari, njoo uihesabu wewe."

Karani akanitazama. Sikumsaidia. Akabonyeza pa kuhifadhi, ikahifadhi. Kitu cha sekunde moja. Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba kofi, yote kwa pamoja. Kumbe ni hivyo tu.

Alhamisi, 15 Mei

Wanne waliobaki wamejazwa leo. Naibu wa chifu amesaini zote, imebaki ya Bi Mwanasha tu.

Karani alikuja Mtongwe saa tisa, viatu vimejaa tope. Akahesabu minazi peke yake huku Bi Mwanasha kajifungia ndani asisikie. Arubaini na mmoja. Aliniandikia nambari kwenye kiganja chake na kunionyesha, hakuitamka. Nani alimfundisha hivyo, sijui. Kabla hajaondoka akaniambia wakubwa wake wameuliza kwa nini watu wamejaa ofisini. Amewajibu kwamba fomu haihifadhiki. Walikuwa hawajui. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuijaza kwenye kompyuta ya nyumbani.

Sikusema asante kwa ofisi. Nilisema kwake.

Ijumaa, 16 Mei

Orodha imefungwa saa kumi na moja. Ya Bi Mwanasha ilisainiwa asubuhi, na tisa wote wamo. Waliokosa mtu wa kuwasomea maandishi madogo, sijui wangapi.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imepungua. Bi Mwanasha alikuja asubuhi na stakabadhi ya ofisi, kaikunja ndani ya kanga. Hana la kujaza. Alitaka tu nimsomee. Nikamsomea: jina lake, la baba yake, kisha nambari ya kiwanja na Mtongwe. Akauliza kama yote hayo yako kwenye karatasi moja. Nikamwambia ndiyo, bibi, moja.

Akaniomba nisome tena, polepole. Nikasoma.