Wimbo wa Kanisa Katika Nyumba ya Bia

Kusini-magharibi mwa Virginia,
Jumanne, wiki ya pili ya Agosti.

Mdogo wangu mpendwa Hobert,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na goti lako limepoa tangu ulipoanguka kwenye ngazi za ghala. Wifi Opal naye mpe salamu zangu, umwambie mtungi wake wa siagi ya tofaa haukumaliza siku mbili kati ya vijana hawa ninaosafiri nao. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika kwa sababu ya kiti cha gari, lakini kwa miaka sabini na mitatu siwezi kuudai zaidi ya hapo.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Umesema kwamba Jumamosi ijayo, kwenye kikao cha kanisa, utalitaja jina la mjukuu wangu Lacey, ambaye ulimbatiza kwa mikono yako kijitoni. Kosa lake ni kupeleka wimbo wa kanisa kwenye nyumba za bia, na asiposimama mbele ya wote akaomba radhi, jina litafutwa kwenye daftari la kanisa. Nimeisoma mara tatu, kama nilivyozoea kusoma insha za wanafunzi kabla ya kutoa alama. Nawe nakuomba usome hii mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Kwanza nikueleze kazi yao, maana naona unaidhania tu. Wako wanne: Lacey na banjo, Dalton na mandolini, na wale ndugu wawili wa kina Fugate, mmoja wa fidla na mwingine wa lile besi kubwa linalotunyima nafasi ya kulala garini. Mimi naendesha gari na kuuza fulana. Hawatumii ngoma wala chombo cha umeme, ila kipaza sauti kimoja tu katikati ya jukwaa. Zamu ya mtu ikifika husogea mbele, mwenzake akarudi nyuma, na hawagongani hata wakipiga mbio. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne na sikuwahi kuona darasa lenye adabu ya namna hiyo.

Mwaka jana, ukumbi wa kwanza ulikuwa na watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuja kula samaki. Mzee mmoja alipaza sauti, "We kijana, hiyo mandolini inakuuma au unaiuma wewe?" Dalton akamjibu kwamba bado wanapigana, ajaribu kuja tena wiki sita zijazo aone nani kashinda. Mzee akaja kweli, na binamu zake wanne. Ndivyo walivyojenga watu wao, kwa kurudi mji uleule kila baada ya wiki sita, barafu iwepo isiwepo, kwa sababu watu wetu wa milimani hawaendi kwa tangazo, wanakwenda kwa kuitwa na binamu. Sasa hata Ohio kumbi zinajaa. Wajukuu wa waliohamia huko kufanya kazi viwandani wanasimama ukutani na kofia mikononi.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe. Umesema yule Ordell wa kanisani kwetu alikuonyesha video kwenye simu yake, ukamwona Lacey mbele, macho kayafumba, na ukumbi mzima unaimba. Ukaandika, na hapa ndipo nilipoweka barua chini, kwamba mtoto huyu amerithi sauti ya marehemu mama na anaitupa kwa walevi.

Hobert, sauti ile si ya Lacey. Ni yangu.

Ilikuwa Aprili, Jumamosi alasiri, katika mji mdogo wa Tennessee. Mvua ya mawe ilipiga, umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa. Watu wakaanza kuongea na kutafuta makoti yao, na Lacey akabaki amesimama na banjo yake haisikiki hata meza ya pili. Nikainuka kwenye meza ya fulana. Jamaa mmoja wa kaunta akaniambia, "Kaa bibi, utajikwaa gizani." Nikamwambia nimenyamazisha wakubwa kuliko yeye. Kisha nikawaeleza, kwa utulivu, kwamba kwetu kitabu cha nyimbo hakina noti za muziki. Mmoja hutamka mstari upesi, wote wakaufuata polepole, kila mtu akiuvuta anavyoweza. Nikatamka mstari wa kwanza wa ule wimbo tuliomzikia mama. Wakafuata. Yule wa kaunta alifuata akiwa na kitambaa cha kufutia glasi begani. Mpaka ubeti wa mwisho hakuna aliyegusa glasi yake.

Tangu siku ile watu wa kumbi hawaturuhusu kuondoka bila wimbo ule. Lacey hajawahi kuuongoza hata mara moja; mimi ndiye hutamka mistari nikiwa nyuma penye meza ya fulana, ndiyo maana simu haikunionyesha. Yeye hufuata tu, kama nilivyofuata mimi kanisani.

Kanisani kwetu mwanamke haongozi wimbo. Anangoja mwanamume atamke mstari, hata kama mwanamume huyo ameusahau na mwanamke anaujua. Nimengoja miaka sitini. Nilikufunga kamba za viatu, nikakufundisha kusoma kitabu kilekile cha nyimbo unachokishika Jumapili, na miaka yote hiyo tumeketi nyumba moja ya ibada usiwahi kuisikia sauti yangu peke yake. Ulipoisikia ukadhani ni ya mtu mwingine. Kwa hilo sikulaumu wewe peke yako, lakini silikubali tena.

Basi futa jina lililo sahihi. Nitakuja Jumamosi na nitakaa benchi la mbele, upande wa wanawake. Ukiuliza ni nani aliyefanya jambo hili, nitakuwa nimesimama kabla hujamaliza swali. Sitalia. Ukinitaka niombe radhi nitasema hapana, na hata watu wanaongoja nje kwenye magari watasikia. Mtoto usimguse. Saa tisa tutaondoka kwenda Ohio. Watu wa huko wamekwishakata tiketi mia tatu, na wimbo wa mwisho naongoza mimi.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Ordell pamoja na simu yake. Mungu akulinde mpaka tuonane hiyo Jumamosi.

Ni mimi dada yako, uliyezaliwa ukamkuta,

Verlene Amburgey