Ngazi ya Dungu Dogo

Mdogo wangu Swaumu,

Asalaam aleykum. Huku Chumbi mpunga umekubali, na mama anakula vizuri. Lile dungu letu la shambani, la juu ya nguzo, tulilolala tukilinda mpunga, lililobebwa na mafuriko, nimelichonga upya, dogo la kuweka mezani. Wifi yako ananicheka: vanishi yote hiyo kwa kibanda asicholala mtu?

Nilitaka kuigandisha ngazi kwa gundi, nimalize kazi. Mama akakataa katakata. Ngazi ya dungu hupandishwa giza likiingia, watu wote wakishakuwa juu. Basi nikachonga nyingine, ya kupandisha na kushusha.

Ajabu, kila jioni anaiacha chini. Nilipomuuliza akanijibu, "Swaumu hajapanda."

Yale maneno ya mwaka juzi yaliyokufanya uondoke, hakuna anayeyataja tena.

Kaka yako,
Sadallah