Ulizikata Salamu za Mama

Mdogo wangu Hamadi,

Sikuandikii kwa siri. Ulitucheka mbele za watu, basi na mimi nakujibu mbele za watu, na hao wanaokupenda redioni wasome. Nimekasirika. Nakwambia mapema usije ukajipa moyo kwamba dada yako anatania.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitumwa salamu? Likizo ikifika mama alitutoa Wambaa kwenda Kiuyu kwa shangazi, lakini kwanza alitukalisha kizingitini akatutajia: nani anasalimu, nani mguu wake umepoa, nani kajifungua. Tukifika tunaanza na hizo. Habari yenyewe iliyotupeleka, ya harusi au ya ugonjwa, inakuja mwisho, watu wakishakaa kitako. Ukiruka jina moja, shangazi anakurudisha mwanzo. Mimi nilikuwa nikisahau. Wewe hukumsahau hata mtoto mchanga.

Na pale bandarini Mkoani, yule mchukuzi mgeni alipotuuliza kama tunatoka "Wamba", ulimvaa na udogo wako wote: "Wambaa! Ivute, usiikate!" Watu walicheka, na mimi nilijivunia kuwa dada yako.

Sasa anayesema Wamba ni wewe. Nimekusikia kwa masikio yangu ukitangaza redioni, tena unaisema kwa madaha. Hilo ningelimeza. Mtu akiishi mjini miaka huchukua na sauti za huko, wala si wewe wa kwanza.

Lakini ile sauti ya mama! Alikutumia kwenye simu wewe mwanawe, hakuwatumia wasikilizaji. Ukaiweka hewani watu wapige simu wabahatishe bibi kasema nini. Sisi tulikuwa Kiuyu, kwa shangazi, redio tumeifungua kwa ajili yako kama kawaida. Mara tukamsikia mama mwenyewe:

"Mwanangu, wa Wambaa wakusalimu, na wa Kiuyu wakusalimu, na mie sijambo..."

Mkacheka. Mtangazaji mwenzako akamwigiza anavyoyavuta maneno. Wewe ukasema, "Hicho ndicho Kipemba, jamani!" Halafu ukakata, ukaweka muziki. Mama alikuwa amekaa mbele ya redio, kijiko cha uji mkononi.

Uji ule ulikuwa wa shangazi. Mwisho wa salamu hizo mama alikuwa akikwambia kwamba shangazi yu taabani, anakutaja, upande boti ya asubuhi. Hukumsikiliza hadi hapo. Nilikupigia, hukupokea. Nikakupigia tena, hukupokea. Shangazi alikufa akiuliza kama boti imeshafika, na mimi nilimdanganya kwamba bado. Boti ilikuwa imeshashusha watu na kurudi.

Ulipopiga tulikuwa tumeshazika. Unajua uliniambia nini? "Dada, nilidhani ni salamu tu." Salamu tu! Wewe, uliyezibeba kichwani njia nzima bila kuangusha jina, leo unaniambia salamu tu. Huyo shangazi ndiye aliyekupa chumba ulipokuwa ukisoma. Nilitaka nikutukane, nikamwona mama ananitazama, nikakata simu.

Tangu hapo mama hajakutumia sauti yake. Umeona kimya ukadhani yameisha. Hayajaisha. Jana nilimkuta jikoni na simu, anarekodi, anajisikiliza, anafuta. Anarekodi tena, anafuta. Nikamuuliza, "Mama, wamwambia nini?"

"Nnatafuta kusema kama wao," akanijibu. "Nkisema haya yangu, watu wamcheka mwanangu."

Umeelewa, Hamadi? Mama anadhani siku ile walikuwa wakikucheka wewe. Ananiomba mimi nimfundishe maneno ya redio ili asikutie aibu tena, na mimi sina moyo wa kumwambia nani aliyeanza kucheka.

Panda boti uje umwambie mwenyewe.

Mimi, dada yako uliyemwachia mama.