Tone Jekundu Ukutani kwa Mama

Msamvu, Morogoro
12 Februari 2001

Mjomba Laurenti,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, kikohozi kimeniacha. Mama naye vipi, na kile kidonda cha mguuni?

Kampuni yetu ya simu, Sautika, imebadilisha nembo. Ile ngoma niliyokuwa nachora kwenye kila duka imetupwa, sasa ni tone kubwa jekundu. Wakubwa wanasema ni tone la uhai. Hapa stendi watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Muuza chapati mmoja ananiuliza nani kamwaga nyanya, na makondakta wananiita Mchinja Mbuzi. Wengine hawacheki kabisa, wanataka ngoma yao.

Mimi ni kibarua, nachora ninachoambiwa. Mnara wa simu unakuja huko mlimani, nami nimepewa kuta zote za njiani nizipake. Nikimaliza vizuri, nitaajiriwa moja kwa moja. Naomba nianze na ukuta wa mama, ule unaotazama njia ya gulioni. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Ukikubali wewe, hakuna atakayekataa.

Mpwa wako,
Severini


Nyandilo, milimani
19 Machi 2001

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunapumua, mengine tunamwachia Mungu. Kidonda cha mama yako hakijafunga.

Siku ile ulipokuja kupaka ukuta nilikusifu, maana mkono wako haukutetemeka. Tulikuwa wajinga wawili, na mimi mkubwa ndiye mjinga zaidi. Wiki uliyoondoka, mtoto wa Paskalia alifia zahanati. Nesi alisema damu ilikuwa imemwishia. Ni malaria, kila masika tunazika. Lakini safari hii watu walitoka makaburini wakapita mbele ya ukuta wa mama yako, wakaliona lile tone. Sasa wanasema nyumba hii ni kituo cha mumiani, kwamba damu ya watoto inanyonywa hapa na kupelekwa mjini, na simu ni kisingizio. Wenye maduka wamekwangua yao yote kwa panga. Limebaki letu tu. Hakuna anayekuja hata kuomba moto.

Nilichukua panga nikakwangue. Mama yako akaenda kukaa mbele ya ukuta, akaegemeza mgongo pale pale kwenye tone. "Hii ni kazi ya mwanangu, isiguswe mpaka aseme mwenyewe." Unamjua. Basi sema, Severini. Andika neno moja tu, nikwangue.

Mjomba wako,
Laurenti


Msamvu
23 Machi 2001

Mjomba,

Shikamoo, na poleni sana. Nimesoma barua yako mara tatu.

Naomba mnivumilie siku kumi na moja tu. Tarehe tatu Aprili wakubwa wanakuja kutoka Dar kupiga picha ukuta ule ule, kwa kuwa ndio wa kwanza huko mlimani. Wakiukuta umekwanguliwa, ajira yangu imekwenda na maji. Hata huku mjini mambo si shwari. Watu wanaandika magazetini, na kila ninapopaka tone, asubuhi nakuta wameshachora ngoma juu yake kwa mkaa. Lakini wanazoea. Na huko watazoea, maneno ya mumiani hayana mizizi.

Mwambie mama asante, asiruhusu mtu kuugusa. Namtumia sukari na dawa ya kidonda.

Mpwa wako,
Severini


Nyandilo
30 Machi 2001

Severini,

Salamu tutapeana siku nyingine. Mguu wa mama yako umevimba mpaka pajani, umekuwa mweusi, na homa haishuki. Nesi anasema ateremshwe hospitali leo, si kesho.

Desturi yetu unaijua. Mgonjwa wa machela akiwepo, ukiita kutoka mgongo wa mlima kila nyumba inatoa mwanamume. Nimeita asubuhi, nimeita mchana. Nimewaona wamesimama milangoni kwao, wamesimama tu. Amekuja jirani yetu Oscar peke yake, na watu wawili hawawezi machela kwenye mteremko ule wenye utelezi.

Tone nimelikwangua jana kwa nguvu, mama yako akinilaani. Nimechelewa. Wanasema nimeficha ushahidi. Wanataka mwenye mkono uliolileta aje mwenyewe, aape mbele yao. Ungesema wiki iliyopita, wangeamini. Sikulaumu, sina muda huo. Njoo. Na kama unaweza, njoo na watu wenye mabega. Barua hii nampa dereva wa lori la ndizi, nimemwapisha aifikishe.

Mjomba wako,
Laurenti


Nyandilo
2 Aprili 2001

Mpwa wangu,

Mama yako ametutoka jana alfajiri. Tulimbeba mgongoni, mimi na Oscar kwa kupokezana, tukaishia kwenye kijito cha kwanza. Pale akaomba ashushwe.

Hatukuweza kukungoja, tumezika leo. Wamekuja wote, maana msiba hauna ugomvi. Wamechimba kaburi kwenye mvua, wamebeba jeneza, na waligombea zamu. Paskalia mwenyewe alipika. Mimi nilikaa nikawahesabu wanaume: arobaini na mmoja. Machela inataka wanane.

Hata kulia sijalia, nina hasira tu, na sijui nimpelekee nani.

Mjomba wako,
Laurenti


Msamvu
3 Aprili 2001, saa nne asubuhi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe thelathini nimepewa sasa hivi tu, lori lilikwama njiani. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya rangi nawangoja wakubwa. Hawaji tena. Wametuma mtu mmoja aseme kelele za watu zimewashinda, tone limefutwa nchi nzima, ngoma inarudi. Kazi yangu ipo palepale, na hata ukuta ule hawautaki tena.

Mjomba, nimelia mbele ya stendi nzima. Ningesema kwangua siku ile ile, nisingepoteza kitu.

Nimepata makuli saba hapa Msamvu, na mimi wa nane. Lori hili linarudi huko limejaa, lina nafasi ya barua tu, sisi tunapanda la kesho alfajiri. Nitaapa mbele ya yeyote, hata nikiambiwa nile udongo nitakula. Msimsogeze mama. Mpe uji, mfunike vizuri, mwambie kesho mchana atakuwa mabegani mwetu.

Mpwa wako,
Severini