Tangi la Nuu Linasema Limejaa

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemkosea Kalekye. Naandika hiyo kwanza kabla moyo ubadilike. Ni mke wa kijana wangu Muthui, na tunafanya kazi pamoja kwa huu mradi wa maji, hapa ofisi ya mji wa Salama. Kosa nilifanya mimi. Akabebeshwa yeye. Saa hii ako Nuu, anazunguka visima na mguu akisoma mita. Mimi nimekalia kiti chake.

Leo nimejaribu ku-deploy, kupeleka code mpya kwa mitambo, mara nne. Access denied, umekataliwa, mara nne. Chai ilipoa kwa meza.

Jumanne, 7 Oktoba

Wacha niseme pole pole, juu nikienda haraka nitajificha.

Kompyuta zetu haziko hapa. Ziko mbali, tunakodisha. Sisi tunaandika kwa faili vile tunataka mitambo ikae, halafu kuna akaunti tunaita roboti. Inasoma faili, inajenga. Lakini inafanya tu kile imeruhusiwa. Ruhusa zilikuwa kazi ya Kalekye. Alikuwa mgumu nazo kama mama anafungia sukari kwa kabati.

Mwisho wa Agosti roboti ilikosa ruhusa ya kitu kidogo. Kumuuliza ni dakika mbili. Lakini mimi ni baba mkwe wake, na sisi Wakamba tuko na nthoni, ile heshima ya wakwe. Mzee na mke wa kijana yake hawakaribiani ovyo, hawabishani. Ukitaka kitu unatuma mtu. Hapa ofisini tulikaa meza za mbali, tukiongea kwa karatasi ama kupitia Muthui.

Hiyo ndio sababu ninaambia watu. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuuliza msichana kitu sijui. Nthoni ilinifaa tu kujificha.

Nikachukua ufunguo mkuu, akaunti ya dharura. Nikaipa roboti nyota. Nyota maanake ruhusa ya kila kitu. Ikafanya kazi. Nikaenda nyumbani na furaha, nikasahau.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwezi uliopita wakaguzi kutoka Nairobi waliiona hiyo nyota. Madam, bosi wetu, akauliza kwa mkutano ni nani aliweka. Nikasema, "Ruhusa ni za Kalekye."

Si uongo. Ndio inanisumbua zaidi. Nilichagua maneno ya kweli.

Kila mtu akageuka kumuangalia. Yeye akaangalia mikono yake. Kesho yake wakamfungia mfumo, wakampeleka Nuu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Abdi amepiga simu. Ni mfanyabiashara wa ng'ombe, familia yake ilitoka kaskazini zamani, anapitisha mifugo Nuu kila wiki.

"Musyoka, hiyo meseji yenu ni mwongo! Inasema Nuu maji iko. Ng'ombe arobaini zimetembea siku mzima. Sasa nizipatie simu zinywe?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Mita ya tangi la Nuu ilikufa ikionyesha limejaa. Tangi ni kavu, pampu iko na shida. Lakini kila asubuhi meseji inaenda kwa wafugaji: Nuu, maji yapo. Mita mpya imefungwa. Code ya kuisoma iko tayari. Roboti inakataa kuijenga. Na tangu ukaguzi, hakuna mtu anaruhusiwa kurekebisha kitu na mkono. Kila kitu kipitie roboti.

Nimeambia Abdi apitie Tulia, kituo chetu kingine cha maji. Tulia ni mbali. Anajua, najua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekuja kazi na ni wikendi. Nimetoka kwa akaunti, nimeingia tena. Nimeangalia kama niko eneo sawa la zile kompyuta tunakodisha. Niko sawa. Ruhusa sasa ni kazi yangu, hizo pekee naweza kugusa, kwa hivyo nimeongezea roboti ruhusa ya kusoma, ya kuandika, ya kutengeneza role, yaani cheo cha kazi, ya kupeana role. Moja baada ya ingine, kama mtu anatafuta ufunguo kwa kifungu gizani.

Plan, hatua ya kupanga, inapita. Apply, ile ya kujenga, inakufa. Mahali ni pale pale.

Nimekula mkate tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani wengine walienda mbele kwa meza ya Bwana. Nilibaki kwa benchi. Mke wangu aliniangalia.

Muthui alikuja chakula cha mchana. Nilikuwa nimemtumia picha ya ile error Ijumaa, nikisema amuonyeshe mke wake lakini asiseme nimetuma. Ametafuna isyo, mahindi na maharagwe, akafuta mdomo, akasema, "Kalekye anasema usome mpaka mwisho wa mstari. Anasema ruhusa hata zikuwe mia haziwezi shinda katazo moja."

Halafu akaomba chumvi.

Nimemtoa kwa kazi yake na bado ananifunza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mstari wa error ni mrefu. Unatoka nje ya skrini. Siku hizi zote sikuwahi kuuvuta. Nimeuvuta leo. Mwisho umeandikwa kuna katazo la wazi. Explicit deny.

Si kwamba roboti ilikosa ruhusa. Kuna mtu aliiandikia: usiguse.

Nikafungua log, ile inaweka kila kitu kila mtu amefanya. Katazo liliwekwa na ufunguo mkuu. Kutoka laptop yangu. Jioni ya ule mkutano.

Nikakumbuka yote. Jioni hiyo nilikuwa na woga. Nilitoa nyota, halafu nikabandika sheria nilipata kwa intaneti, ati roboti ionekane safi. Sikuielewa. Nilibandika tu. Mtu akiogopa anafunga hata mlango anataka kupitia.

Lakini si hiyo ilinifanya niweke kichwa kwa meza. Chini yake kuna mstari mwingine. Asubuhi ya kesho yake, saa moja kabla wamfungie, mtu alifungua hiyo hiyo log akaisoma. Kalekye.

Aliona jina la laptop yangu, kwa nyota na kwa katazo. Amejua siku hizi zote.

Jumanne, 14 Oktoba

Katazo linatolewa na ufunguo mkuu peke yake. Ufunguo sasa uko kwa Madam, na ukiutaka unaandika sababu.

Kuna njia ingine. Ninaweza kutengeneza roboti mpya, jina ingine, bila katazo. Code ipite, mita isome, hakuna mtu atauliza. Nimeiandika tangu asubuhi. Mpaka saa sita ilikuwa imekaribia kuisha.

Abdi akapiga. Ndama wawili wamelala njiani kwenda Tulia, hawakuamka. Safari hii hakunitukana. Alisema tu, "Nilidhani utaniambia ukweli," akakata.

Nimefuta roboti mpya. Sijaandika sababu bado. Mimi ni mwoga. Hiyo pia iandikwe.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeuliza Muthui kwa nini Kalekye hakunisema. Nilitaka aseme ni kwa sababu ananipenda kama baba.

"Baba, angesema nini? Asimame mbele ya watu aseme baba mkwe ni mwongo? Halafu arudi kwetu aje? Apikie nani?"

"Na wewe? Ulijua?"

"Nilijua."

Amemaliza, ameenda kufunga mbuzi.

Niliona nthoni kama ukuta wa kunizuia kumuuliza. Kwa Kalekye ilikuwa kitambaa kwa mdomo. Na nilijua vile amefungwa nikiwa nasema yale maneno kwa mkutano. Nilijua hatajibu. Hapo ndipo dhambi iko. Si kwa kompyuta.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeandika sababu. Mistari mitano. Nimempelekea Madam mwenyewe, nikasimama akisoma.

Amesoma mara mbili. Ametoa miwani.

"Mzee Musyoka. Huyo si ni mtoto wako?"

"Ndio, Madam."

"Na ulikaa pale ukanyamaza."

"Ndio."

Akavaa miwani tena. Halafu akaleta ufunguo, akakaa kando yangu kama mwalimu wa mtihani. Nimetoa katazo. Nimetoa pia zile ruhusa zote niliongeza wiki mzima, nikaacha tu ile moja inahitajika. Plan. Apply.

Imepita. Imechukua dakika tatu.

Madam amesema kesi yangu itaamuliwa baadaye, hajui vipi. Nimemuomba Kalekye arudishwe leo leo. Akasema kumrudisha na barua ni rahisi, lakini watu walimsikia akisemwa kwa mkutano, na barua haisemi kwa mkutano. Ni kweli. Hata dereva wetu bado anamuita yule wa kufungulia wezi mlango.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi meseji imeenda: Nuu, hakuna maji, nendeni Tulia. Nimeisoma kwa simu yangu mwenyewe. Sikufurahi, lakini nilikaa kidogo kwa ngazi ya ofisi na jua ilikuwa nzuri.

Abdi hajapiga. Nimempigia mimi, nikamwambia ni kosa langu, si la mashine. Amesema, "Sawa," na akaniuliza kama mvua imeonekana huku Salama. Nikasema bado.

Jumatatu ni sikukuu ya Mashujaa, watu hawako. Mkutano wa wafanyakazi wote ni Jumanne tarehe 21, Tulia, saa nne. Kalekye ataitwa. Kabla ya ajenda ya kwanza nitasimama. Nitasoma log kwa sauti: laptop yangu, siku, saa. Nitasema nilimsukumia kosa langu nikijua hawezi kunijibu. Nitasema jina lake, mbele ya watu, na nimwangalie usoni nikiomba msamaha, mimi mwenyewe, bila kutuma mtu. Kama ni nthoni navunja, wazee waniulize mimi. Halafu nitaomba nipewe mita za Nuu, nizunguke na mguu, na yeye arudi kwa kiti chake siku hiyo hiyo.